Sharti la Nyumba ya Wageni

Imesimuliwa, na waliosimulia ni watu wa kuaminika, kwamba katika zama za wema waliotutangulia palikuwa na mji ukiitwa Zahrawa, juu ya uwanda wa mawe, katika njia waliyokuwa wakipita mahujaji. Watu wake walikuwa wema. Sala hawakosi, mizani hawapunji, na mwenye njaa hawamfukuzi mlangoni. Lakini walikuwa na ugonjwa mmoja, na kila mji una wake: kwao mtu hakuwa mwenyeji mpaka babu yake awe amezaliwa ndani ya kuta za Zahrawa. Siku ya Idi walipomaliza kuswali, walikula pamoja katika ua wa msikiti, kila mtaa na busati lake, na busati la wageni likatandikwa karibu na mlango, pale watu wanapovua viatu.

Katika busati hilo, mwaka baada ya mwaka, aliketi tajiri mkubwa kuliko wote wa mji, naye ni Mundhir bin Wadhah, mfanyabiashara wa nili, rangi ya kutia nguo. Kondoo waliochinjwa siku ile wengi walikuwa wake. Watu wa mitaa yote wakila nyama yake humshukuru kwa mbali, wakisema, "Mwenyezi Mungu amzidishie mgeni wetu," naye huitikia kwa tabasamu na kusogeza viatu ili apate mahali pa kuweka sahani.

Sisi Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mundhir na mkewe, Bibi Lubaba, jembe walilipokea zamani, wakalima, wakavuna na kuwagawia wenye shamba, na bado waliitwa wageni.

Na kuja kwao kulikuwa hivi. Waliikimbia nchi yao kwa ukame wakiwa vijana, Lubaba amembeba mtoto wao wa kwanza, mchanga wa siku chache. Waliingia Zahrawa katika kipupwe, baridi ya kukata mifupa. Mji ulikuwa na nyumba moja ya kulala wasafiri, na siku ile ilikuwa imejaa, lakini waliojaa humo hawakuwa wasafiri. Mmoja alikuwa amegombana na mkewe. Mwingine alikuwa anamkwepa mkwewe. Wengine walikuja tu kwa kuwa mlikuwa na moto na hapakuwa na wa kuwauliza. Wale wawili walikaa chini ya ukuta, wakamweka mtoto katikati yao, na kulipokucha mtoto alikuwa amekwisha fariki.

Walipomzika, Mundhir alitaka waendelee na safari. Lubaba akamwambia, "Wewe nenda ukitaka, mume wangu. Mimi siwezi kumwacha peke yake katika mji asikomjua mtu." Basi wakabaki wote wawili, na Mwenyezi Mungu hakuwaruzuku mtoto mwingine.

Aliwaruzuku mali. Mundhir alianza na pipa moja la kutia nguo rangi, akawa na kibanda, kisha maduka, kisha misafara iliyokwenda na kurudi. Mtu mwingine, ndugu yangu, angeutumia utajiri ule kuuadhibu mji uliomuulia mwana. Wao walichimba visima. Walijenga daraja la bondeni. Mayatima wa Zahrawa waliooa na kuolewa kwa mahari ya Mundhir hawahesabiki. Bibi Lubaba, naye, alijifunza kuosha maiti wa kike, na mama wa nyumba yoyote akifa, tajiri au fukara, yeye ndiye aliyeitwa, akaja na maji yake ya moto na kafuri yake, na hakupokea ujira.

Lakini jambo kubwa kuliko yote walilolifanya ni Nyumba ya Wageni. Walijenga nyumba pana, yenye vyumba vya joto na jiko lisilozimwa, wakaiweka wakfu mbele ya kadhi na mashahidi. Sharti lake alilitamka Mundhir mwenyewe, nalo lilikuwa kali: asilale humo ila mgeni, na mwenyeji wa Zahrawa asipewe humo kitanda wala bakuli, hata awe nani. Na mjue kwamba sharti la mweka wakfu likishatamkwa halirudi. Hata yeye mwenyewe hana tena mkono wa kulibadili.

Miaka ikapita, wakazeeka. Kisha Mwenyezi Mungu, ambaye huwapenda waja wake na huwajaribu, akawaletea mtihani. Msafara wa Mundhir ulikutwa na mafuriko bondeni, ukachukuliwa wote, ngamia na mizigo. Katika mizigo ile mlikuwa na amana za watu. Wengi walimwambia, "Hayo ni maji ya Mungu, hukuyaleta wewe, hudaiwi kitu." Naye akajibu kwamba aliyeweka amana hakuiweka kwa maji, aliiweka kwake. Akauza maduka, akauza bustani, akauza nyumba waliyokuwa wakikaa, kila mtu akapata haki yake. Walipomaliza hapakubaki kitu ila kibanda cha zamani cha kutia rangi, chenye mapipa makavu na paa lililotoboka. Na Mundhir wakati huo alikuwa mzee mwenye maradhi ya kifua, na kipupwe kilikuwa kinakaribia.

Hapo watu wa Zahrawa walifanya jambo lililotoka katika nyoyo zao, msiwadhanie vibaya. Walisema, "Haiwezekani mtu aliyejenga nyumba yenye moto afe kwa baridi kando yake." Wakamtafutia njia. Wengine walishauri afanywe msimamizi wa nyumba ile ili apate chumba, lakini msimamizi alikuwepo, tena mtu mwenye watoto, na Mundhir akakataa kumtoa. Ndipo kadhi akapata rai. Alisema: nyumba ni ya wageni, na mzee huyu, kwa desturi ya mji wetu, ni mgeni. Mweka wakfu akifikwa na hali ile ile aliyoiwekea wakfu, sharia haimkatazi kunufaika kama wengine. Waje watu washuhudie kuwa ni mgeni, naye akiri, tumpe chumba yeye na mkewe. Kila mtu alifurahi, maana hila haikuwamo, na hakuna aliyehitaji kutoa kitu chake.

Walikusanyika msikitini baada ya Alasiri. Mundhir aliketi mbele ya kadhi. Lubaba alikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake. Mashahidi walikuwa wengi kuliko wanaohitajika, kwa kuwa kila mtu alitaka kumfaa mzee.

Akasimama muoka mikate, akasema, "Nashuhudia kwamba Mundhir si mtu wa hapa. Tumeishi naye jirani, na damu yetu haijapata kuchanganyika na yake."

Akasimama mwadhini, akasema, "Nashuhudia kuwa ni mgeni. Sikumbuki Idi hata moja aliyokula penginepo ila katika busati la mlangoni."

Akasimama Jabala bin Amri, mkuu wa mtaa wa juu, mtu wa maneno machache na heshima nyingi, akasema, "Huyu si wetu, wala hajapata kuwa wetu. Sote tunalijua hilo. Mpeni chumba."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa na huruma usoni, kila mmoja akisema, "Si wetu." Nami husema, hakuna kofi linalouma kama lile unalopigwa na mtu anayekufuta machozi. Mundhir alikuwa ameinamisha kichwa.

Kadhi akamwambia, "Mzee Mundhir, umewasikia. Yamebaki maneno yako tu. Sema, 'Naam, mimi ni mgeni,' nami nitamwamuru msimamizi akutandikie sasa hivi."

Mundhir akaligeukia pazia. "Lubaba, umesikia waliyoyasema?"

"Nimeyasikia, mume wangu."

"Nawe unasemaje?"

Bibi Lubaba akasema, "Bwana kadhi, niwie radhi, mimi ni mwanamke mzee. Mama wa huyo muoka mikate nilimwosha kwa mikono hii. Nyanya wa mwadhini nilimwosha mimi. Mwanangu nimemzika katika udongo huu. Kila nikimaliza sala husema, Ewe Mola, uuhifadhi mji wetu. Sijapata kusema mji wao. Leo nikikiri kuwa mimi ni mgeni, ama nasema uongo mbele yako, ama nimekuwa nikisema uongo mbele ya Mwenyezi Mungu miaka yote ile. Nichagulie, bwana kadhi, nikiri lipi."

Mundhir akasema, "Mwanangu alikufa kwa sababu wenye mji walilala mahali pa wasio na mji. Kwa ajili hiyo nikaliweka sharti lile. Mimi mji ninao, na mji wenyewe ni huu. Nikienda kulala pale, nitakuwa nimemlaza nje mtoto wa mtu mwingine." Kisha akainuka kwa tabu, akasema, "Mwenyezi Mungu awalipe kheri kwa nia zenu," akatoka, na mkewe akamfuata.

Walirudi kwenye kibanda chao. Kadhi akatamka, na sauti yake ilikuwa ndogo, kwamba mwenye kukiri kuwa ni mwenyeji hana haki katika Nyumba ya Wageni.

Ungetaraji watu wamkimbilie siku ile ile. Hawakumkimbilia, na sababu ni hii. Ilikuwa desturi ya Zahrawa kwamba mwenyeji akifilisika, mtaa wake humpa chumba na kumlisha mpaka kufa. Waliiita haki ya mtaa. Sasa Mundhir aliposema yeye ni mwenyeji, alikuwa amegusa haki ambayo hawakupata kumpa mtu asiyekuwa na babu Zahrawa. Na ni mtaa gani wake? Kila mtaa ukautazama mwingine. Jabala alikasirika hasa, kwa kuwa kibanda kile kilikuwa upande wa mtaa wake. Alisema barazani, "Mzee huyu ni mjanja. Amekataa kitanda kimoja ili apate mtaa mzima." Waliosikia hawakumwunga mkono, na hawakumpinga.

Basi wazee wale wakasubiri, na subira yao haikuwa ya kunung'unika. Kila asubuhi, kifua kikimruhusu, Mundhir alikwenda Nyumba ya Wageni kuwatekea wasafiri maji, ndiyo sadaka yake. Mpishi humtolea bakuli la mchuzi wa moto, naye humrudishia akisema, "Hili ni la wageni, mwanangu, usinitie dhambini." Wengine wetu tungekunywa na kuomba jingine la kupelekea nyumbani. Lubaba alisokota sufu kwa ujira mdogo, wakala kwa hiyo. Na akiitwa kuosha maiti alikwenda, kwa watu wale wale waliosema, "Si wetu."

Katika siku za baridi kali kuliko zote, akafariki Bibi Atika, mama yake Jabala. Alikuwa ameacha wasia, nao ulikuwa mfupi: "Nikifa asinioshe yeyote ila Lubaba."

Jabala alitaka kumtuma mtu, kisha akaona haya, akaenda mwenyewe. Alikuwa hajapata kuingia katika kibanda kile. Aliona maji yakidondoka kutoka kwenye paa, na Mundhir amelala katikati ya mapipa, ana homa kali, na Lubaba amempakata kichwa.

Akasema, "Bibi Lubaba, mama amefariki. Ameusia umwoshe wewe."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Lubaba, na macho yake yakajaa machozi, maana Bibi Atika alikuwa mwendani wake. Akamtazama mumewe.

Mundhir akasema kwa taabu, "Nenda. Maiti hangoji. Mimi nitangoja."

Lubaba akamwambia Jabala, "Basi kaa naye mpaka nirudi. Akikohoa, mwinue kichwa." Akachukua kafuri yake akatoka, wala hakumpa nafasi ya kukataa.

Jabala akakaa chini, mtu aliyezoea kukaa juu ya mazulia, akakiweka kichwa cha mzee juu ya paja lake. Mzee alikohoa, akamwinua. Alikohoa tena, akamwinua tena. Baada ya muda Jabala akauliza, "Mzee wangu, kwa nini hukusema naam siku ile? Lilikuwa neno moja tu."

Mundhir akasema, "Nawe kwa nini ulisema mimi si wenu?"

"Nilikuonea huruma."

"Najua. Ndiyo maana iliniuma sana."

Maji yaliendelea kudondoka, Jabala akalitanda joho lake juu ya mgonjwa ili yasimfikie, na akalia, akidhani mzee amesinzia. Lubaba aliporudi, alimkuta bado ameketi vile vile.

Akamwambia, "Mama yako yuko tayari, Jabala. Nimemwosha kwa maji ya vuguvugu, kwa kuwa baridi alikuwa haiwezi. Nimemsuka nywele kama alivyopenda. Nenda ukamzike."

Jabala akaenda akamzika mama yake. Na watu walipokuwa bado wako makaburini, kadhi yumo, muoka mikate yumo, Jabala akasimama akasema, "Enyi watu wa Zahrawa, mimi nilitoa ushahidi msikitini, na ushahidi ule ulikuwa wa uongo. Nilisema Mundhir na mkewe si wetu. Mama yangu hakutaka kuoshwa na mgeni. Alitaka aoshwe na mtu wake, akamtaja. Yeye alijua, mimi nilikuwa sijui. Naufuta ushahidi wangu mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu."

Muoka mikate akasema, "Na mimi naufuta wangu." Mwadhini akasema vivyo hivyo, na waliobaki wakafuata. Siku ile ile Mundhir alibebwa kutoka kibandani, akapewa chumba katika mtaa wa juu, kwa haki ya mtaa, si kwa sadaka. Akapona. Idi iliyofuata watu walishindana kumkaribisha kwenye mabusati yao, mpaka kadhi akaingilia kati kuwanyamazisha.

Waliishi hivyo muda ambao Mwenyezi Mungu aliwapangia. Kisha Mundhir akafariki, Mungu amrehemu.

Na desturi ya mji ule ilikuwa kwamba, wakimaliza kuzika, jamaa wanaume wa marehemu husimama safu moja njiani, na watu wengine hupita mbele yao, mmoja mmoja, wakiwashika mkono na kuwapa taazia. Mundhir hakuwa na mtoto, wala ndugu, wala mpwa. Jabala akaenda akasimama mahali pa mtoto mkubwa. Muoka mikate akasimama karibu naye. Akaja mwadhini, wakaja mayatima aliowaozesha, sasa ni watu wazima wenye ndevu, kila mmoja akajipanga. Kadhi naye akajipanga. Safu ikawa ndefu, ikapita visima, ikafika mlango wa mji, na watu bado wanakuja kusimama ndani yake. Mwisho mji wote ulikuwa umesimama upande mmoja wa njia, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Hakubaki hata mmoja wa kupita kuwapa pole. Wakakaa wakitazamana, hawajui la kufanya.

Ndipo wakatoka wasafiri waliokuwa wamelala katika Nyumba ya Wageni, watu wa nchi za mbali, wanakwenda zao Hija. Hawakumjua Mundhir, wala hawakujua kitanda walicholalia kilitoka kwa nani. Wakaikuta safu ile. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, akauliza kwa adabu, "Mfiwa ni nani katika nyinyi, tumpe mkono?"

Kadhi akamjibu, "Ni sisi sote."

Basi wageni wale wakaanza kupita, kutoka mwanzo wa safu mpaka mlango wa mji, wakiwashika mkono watu wa Zahrawa mmoja mmoja na kuwaombea subira.

Wanasema nyumba ile ilidumu vizazi vingi, na sharti lake halikuguswa. Ewe ndugu unayesoma, wapo walioacha majumba makubwa kuliko hiyo, na siku waliyozikwa hapakuwa na aliyesimama njiani kwa ajili yao. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusalimishe na huruma inayomtenga mtu. Na atujaalie ndimi zinazosema kweli hata paa linapovuja juu ya vichwa vyetu. Amin.